Hesabu kromosomu za chaza wako kabla hujaanza kutafuta jeni

Shahada ya uzamili niliisomea Qingdao, mji wa pwani katika jimbo la Shandong nchini China. Kazi niliyopewa ilikuwa kuonyesha jeni fulani za chaza wa Pasifiki zimekaa kwenye kromosomu ipi, yaani kwenye fungu lipi la DNA ndani ya seli. Wiki sita za mwanzo zilipotea zote. Kila seli iliyotulia vizuri chini ya hadubini ilinipa kromosomu 30, na chaza huyu anajulikana kuwa na 20, yaani jozi 10. Nikadhani seli mbili zimelaliana, nikawa natupa slaidi moja baada ya nyingine.

Kumbe chaza niliowanunua sokoni walikuwa triploidi, wenye seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Wafugaji wanawapenda kwa sababu hawamalizi nguvu zao kutengeneza mayai na manii, hivyo nyama hubaki nene hata majira ya joto ambapo chaza wa kawaida huwa wamekonda. Kwa mlaji ni neema. Kwa anayetafuta mahali pa jeni ni matatizo, maana alama utakayoitegemea mara mbili itatokea mara tatu.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaonitumia ujumbe mkiuliza mnunue probu gani, nawajibu hivi: kwanza mjue mnyama wako ni nani. Probu ni kipande cha DNA kilichotiwa rangi, kinachokwenda kushikamana na mwenzake kwenye kromosomu, nacho ni ghali. Slaidi mbaya itakila bure.

Nguvu nyingi ziweke kwenye slaidi. Kwa chaza mkubwa tunatumia matamvua, viungo vyake vya kupumulia, kwa sababu seli zake zinaendelea kugawanyika. Lakini chaza mwenye njaa seli zake hugawanyika kidogo. Mimi niliwalisha mwani siku kadhaa, ndipo nikawahamishia kwenye maji ya bahari yenye kolchisini kwa saa nane hadi kumi na mbili. Kolchisini husimamisha seli wakati kromosomu zimejikunja na zinaonekana. Ni sumu hata kwako, kwa hiyo vaa glavu na usimwage maji yake ovyo. Baada ya hapo matamvua huingia kwenye myeyusho hafifu wa potasiamu kloridi. Seli hufura, kromosomu zikaachana. Ukizidisha muda seli hupasuka na kromosomu hutawanyika, usijue ipi ilitoka wapi. Ukipunguza, zinabaki zimekumbatiana. Hakuna dakika nitakazokutajia zikufae, kwa sababu joto la chumba na ukubwa wa kipande hubadilisha kila kitu. Jaribu vipande vitatu kwa muda tofauti, uandike.

Kisha seli hugandishwa zilivyo kwa methanoli na asidi ya asetiki, tatu kwa moja; changanya saa ileile ya kutumia. Mchanganyiko uliolala hunyonya maji na kubadilika, na slaidi zake hubaki na ukungu wa saitoplazimu, ute wa ndani ya seli, unaozuia probu kupenya.

Sasa hesabu. Usihesabu seli tano ukaridhika. Chaza, hata yule wa kawaida, ana tabia ya kupoteza kromosomu katika baadhi ya seli za mwili: utakuta 19, 18, hata 17. Watafiti wameonyesha kwamba chaza wenye seli nyingi za namna hiyo hukua polepole. Mimi sikukubali mnyama yeyote kabla ya kuhesabu seli thelathini.

Probu ya kwanza isiwe ya jeni yako. Tumia ya telomere, zile herufi za DNA TTAGGG zinazojirudia, ambazo ndizo zilizo kwenye ncha za kromosomu za binadamu pia. Kwa chaza zinang'aa kwenye ncha zote. Usipoziona, basi shida iko kwenye slaidi au kwenye joto la kuachanisha nyuzi za DNA, na umeijua bila kuipoteza probu yako ya thamani.

Ya pili iwe ya jeni za RNA ya ribosomu, yaani za mitambo ya seli inayotengeneza protini. Kila kromosomu ina mikono miwili inayokutana kwenye kiuno chake, sentromia. Kwa chaza wa Pasifiki jeni hizo zimekaa mwishoni mwa mkono mrefu wa kromosomu ya 10, na kwa yule wa pwani ya mashariki ya Marekani ziko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 2. Utapata alama ya kusimamia, na alama hiyo unaihitaji sana. Kromosomu za chaza zote zina sentromia katikati au karibu na katikati, na ukubwa wake hupungua kidogo kidogo. Anayekwambia kwa kutazama tu kwamba "hii ni ya nne, ile ni ya tano" usimkubalie. Weka alama inayojulikana kwa kijani, jeni yako kwa nyekundu, kwenye seli moja.

Na jeni moja pekee ni fupi mno kuonekana vizuri. Tafuta kipande kikubwa kilichoibeba, kama fosmidi, kipande cha DNA kinachotunzwa ndani ya bakteria, yenye herufi elfu arobaini hivi. Ila DNA ya chaza imejaa marudio, yaani mfuatano uleule wa herufi mahali pengi, kwa hiyo usipoyaziba kwanza kwa DNA ya marudio isiyo na rangi, slaidi nzima itawaka.

Huwa naulizwa kwa nini tuhangaike ilhali jenomu, yaani DNA yote ya chaza wa Pasifiki, imeshasomwa. Ilisomwa kweli, ikachapishwa 2012. Mwaka 2015 ramani za urithi, zinazoonyesha alama zipi za DNA hurithiwa pamoja, zilipolinganishwa nayo, zaidi ya theluthi moja ya vipande vya jenomu hiyo vilivyopimika vilikuwa vimeunganisha sehemu za kromosomu tofauti. Mpangilio wa kufikia kromosomu nzima ulikuja 2021, nao ni mzuri sana. Hata hivyo namba za kromosomu kwenye kompyuta si lazima zilingane na namba za wanaopima kwa hadubini. Mfugaji anayechagua wazazi wanaostahimili ugonjwa anategemea alama zilizo jirani na jeni husika, na ujirani wa uongo utampotezea vizazi.

Chaza wetu wa miamba, yule anayechokolewa na akina mama wakati wa bamvua kuanzia Lamu hadi Mtwara, naye ana kromosomu 20. Chaza wa lulu mwenye mdomo mweusi ana 28. Ukianza na hao, hifadhi kipande cha nyama ya kila mnyama kwenye ethanoli, na ndani ya chupa utie karatasi yenye namba yake. Andika kwa penseli, kwa sababu ethanoli hufuta wino.