Kabla hujafunga beringi, ipige picha

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga nafaka, na nina jambo la kuwasihi mafundi wenzangu na wenye mashine: itumieni kamera ya simu kabla ya kulipia beringi, kile chuma cha mviringo chenye gololi kinachoshikilia shafti izunguke. Feki zimejaa. Boksi linang'aa, maandishi yamekaa sawa, bei imepunguzwa kidogo tu ili usishtuke. Ukishaifunga inapata moto, keji (kishikio cha gololi) inapasuka, beringi inajam na kuila shafti. Mwenye mashine anaingia gharama mara mbili, na wenye mahindi wanahamia kwa jirani.

Kwa macho tu huwezi kuzikamata zote. Nyingine ni beringi kuukuu zilizosuguliwa zikang'aa, kisha zikapigwa namba upya.

Viwanda vya beringi vimetoa programu za simu za kuzikagua. Schaeffler, wenye chapa za FAG na INA, wana OriginCheck: unaskani ile kodi (code) ya mraba yenye vinukta iliyo kwenye boksi. SKF wana SKF Authenticate: unapiga picha za beringi na boksi lake, zinakwenda kwa wataalamu wao, nao wanakujibu.

Hizo ni kazi mbili tofauti. Kuskani kunakupa habari za kodi, si za chuma kilichomo ndani. Kodi halali inaweza kunakiliwa ikachapishwa kwenye maboksi mengine, na boksi halisi lililotupwa gereji linaweza kuokotwa na kutiwa takataka. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu boksi likishatumika lichanwe. Na ndiyo maana, hata kodi ikikubali, mimi napiga picha chuma chenyewe.

Upigaji wenyewe una namna yake. Zima flashi. Beringi mpya ina mafuta, mwanga unakurudia na herufi zinapotea. Toka nayo hadi mlangoni penye kivuli, igeuze polepole mpaka mwanga uzipate herufi kutoka ubavuni. Hapo utaona kina cha maandishi, kingo zake, na kama chini yake kuna alama za kusuguliwa. Sogeza simu karibu hadi picha ianze kufifia, rudi nyuma kidogo, gusa kioo palipo na namba, tulia, piga. Fanya hivyo pande zote mbili, halafu lebo ya boksi, karatasi ya ndani, na risiti.

Kisha zisome picha zako. Boksi likisema 6309-2RS1/C3, ringi, yaani duara la chuma la beringi yenyewe, nayo iseme hivyo hivyo. Ile 09 ukiizidisha mara 5 unapata tundu la milimita 45, kwa hiyo pima. C3 maana yake nafasi ya ndani, kati ya gololi na ringi, ni kubwa kuliko ya kawaida, na mashine inayopata joto kutwa nzima inaihitaji. Nimeshakuta boksi lina C3, ringi haina. Hiyo sihitaji programu, nairudisha pale pale.

Kuna wanaoona haya kupiga picha dukani. Sema kwa heshima: "Bosi, naomba niipige picha kabla sijalipa." Wauza spea wa kweli hawakasiriki, wengine hukushikia hata beringi. Akikunyang'anya, nenda duka lingine.

Ikitiliwa shaka baada ya kununua, usiifunge wala usiipake grisi. Ihifadhi pamoja na boksi na risiti. Kwa Tanzania mambo ya bidhaa bandia yako chini ya Tume ya Ushindani. Kenya kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Picha zako ni ushahidi, usizifute.

Na kwa kuwa majibu ya wataalamu hayaji papo hapo, beringi ya akiba nunua mashine ikiwa bado nzima. Ukisubiri ikwame msimu wa mavuno, utafunga yoyote utakayopewa.