Kuruta mpya, usije ukaandikwa mtoro

Karibuni kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) za Bulombora, Mtabila, Kanembwa na Msange. Kuruta wengi wanaoingia matatani kwa utoro hawakuwa na nia ya kutoroka. Walitoka bila karatasi, au karatasi iliisha muda wakiwa bado njiani.

Kwanza elewa hesabu. Kila mnapokusanywa, kiongozi wa platuni anatoa idadi: jumla, waliopo, walio kazini, wagonjwa, wenye ruhusa, mahabusu. Platuni ikiwa na watu 40, waliopo 34, kazini 3, wagonjwa 2, kuna mmoja hana pa kuandikwa. Atatafutwa hangani (bweni la kuruta), chooni, jikoni na zahanati ya kikosi, na asipoonekana taarifa inapanda juu na jina lake. Kama umelala hanga lingine kwa uchovu, kwenye hesabu wewe na aliyeruka uzio ni kitu kimoja mpaka upatikane. Wala usimwitikie mwenzako jina. Vikihesabiwa vichwa, kesi inakuwa ya wawili.

Ukiumwa, jiandikishe mapema uende zahanati. Kubaki kitandani bila ED, yaani karatasi ya zahanati ya kupumzishwa kazi, ni kutega, hata kama homa ni ya kweli.

Ruhusa inaombwa kwa ngazi: kiongozi wa sekisheni, sajini wa platuni, kamanda wa platuni, kisha mkuu wa kombania. Ukiruka ngazi unarudishwa chini na siku inapotea. Kwa msiba, usiseme "baba" tu. Utaulizwa ni baba mzazi au baba mdogo, na ukibainika umedanganya, ombi lako la pili halitaaminiwa. Nyumbani waandae barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

"Afande kaniruhusu" si ruhusa. Zamu hubadilika, na aliye getini jioni hajui mlichoongea asubuhi. Karatasi isome kabla ya kutoka: namba yako, jina, unakokwenda, tarehe na saa za kutoka na kurudi, sahihi, muhuri. Hapo kwenye saa wengi huteleza. 0600 ni saa 12 asubuhi. Anayeisoma saa 6 mchana amechelewa saa sita nzima. Vifaa ulivyokabidhiwa virudishe stoo, uchukue na namba ya simu ya karani wa kombania, kwa kuwa huko nje hutakuwa na wa kumuuliza.

Kigoma na Tabora ni mbali, na siku za ruhusa zinahesabiwa pamoja na za njiani. Kutoka Kakonko, iliko Kanembwa, hadi Mtwara na kurudi, safari peke yake inakula karibu siku nne. Treni ya reli ya kati haiondoki kila siku, na masika kipande cha Kilosa hadi Gulwe kina historia ndefu ya kukatwa na mafuriko. Kwa hiyo panga kuingia kambini siku moja kabla, na tiketi usiitupe. Ukikwama, piga simu kikosini muda haujaisha. Ukiugua, nenda hospitali ya serikali, iwe Maweni ya Kigoma, Kitete ya Tabora au ya wilaya ulipo, upate cheti chenye tarehe na muhuri. Lakini cheti cha daktari hakiongezi ruhusa. Anayeiongeza ni mkuu wako, na lazima ajulishwe.

Ukishachelewa, rudi mwenyewe, tena kwa getini. Omba saa uliyofika iandikwe kwenye kitabu cha zamu. Adhabu inaweza kuwepo, ila kuna tofauti kubwa kati ya aliyejileta na aliyekamatwa. Askari wa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi, anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966, na vijana wa JKT wana sheria yao ya 1964. Katika sheria za kijeshi, kutokuwepo bila ruhusa ni kosa moja, na kutoroka kwa nia ya kutorudi ni kosa jingine, zito zaidi. Nia hiyo inasomwa kwenye vitendo: simu imezimwa, gwanda limeuzwa, umeanza kibarua mahali pengine. Na kama uliondoka na mali ya jeshi, hilo nalo linaandikwa peke yake.