Barua kwa mwanangu: kiti cha wadi na lile lambo

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na babako anakuitikia. Umeniuliza kama mtu asiye na chama anaweza kukipata kiti cha wadi yetu katika bunge la kaunti kwenye uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Kusimama unaweza. Usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya kura, na uungwe mkono na wapigakura 500 waliosajiliwa humu wadini. Tafuta 700, maana mmoja utakuta kajiandikisha wadi ya jirani, mwingine namba ya kitambulisho imekosewa.

Lakini mimi kinachonikereketa ni baada ya kuingia. Lile lambo la bondeni unalijua. Watu husema lilibomolewa na mvua ya vuli ya 2023. Si mvua! Lilibomolewa Juni ya mwaka wa kabla yake, kwenye karatasi. Makadirio ya bajeti ya kaunti yalikuwa na vitu vinne: kuchimba, mtego wa mchanga pale maji yanapoingilia, mkondo wa kupunguzia maji lambo likijaa, na ua wa kuzuia ng'ombe. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti ikatafuta pa kukata, ikabakiza kuchimba. Mheshimiwa wetu, mwakilishi wa wadi, siku hiyo alikuwa mazishini. Sasa lambo lisilo na mkondo likijaa, maji hupita juu ya tuta, yakateremka upande wa nje yakila udongo mpaka tuta likatike. Lilikatika usiku mmoja, na kina mama wakarudia mwendo wa kilomita 6.

Nasema kila siku: uwakilishi ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Mradi usiomo humo utauhangaikia bure. Waraka wa mkakati wa fedha ni 28 Februari, makadirio 30 Aprili, na bajeti ipite kufikia 30 Juni. Miezi hiyo miwili ya mwisho mwakilishi asibanduke kwenye kamati.

Ila mheshimiwa wetu naye namwelewa. Angekosa mazishi yale angeitwa mwenye kiburi, na sijamwona mtu aliyepigiwa kura kwa kusoma makadirio. Mwakilishi hana fungu la kujenga, wanaojenga ni gavana na maofisa wake, lakini hodi za alfajiri za karo na majeneza hupigwa mlangoni pake. Labda alifanya alichoweza. Hapana, hakufanya. Angemwandikia mwenyekiti wa kamati ukurasa mmoja tu, kwamba ua ukatwe ikibidi, mkondo usiguswe.

Ugombee au usigombee, sitakwambia, ingawa neno liko kwenye ncha ya ulimi. Kwanza nenda kwa karani wa bunge, uombe mpango wa mwaka huu. Katiba inakupa haki hiyo. Tafuta jina la wadi yetu, uone kama lambo limeandikwa kukarabatiwa na kama mkondo umetajwa. Niletee nakala. Babako amelipima lile tuta kwa kamba, anataka kulinganisha.

Mamako