Dau huvuja kila tukilishua: tutie kalafati upya?

Swali: Salaam fundi. Mimi na mke wangu ni walimu wastaafu, tunaishi Tanga. Tuna dau la mbao za mwembe, urefu mita 7, tunalosafiria kuanzia mwisho wa Septemba hadi Machi. Masika yakiingia tunalipandisha pwani chini ya banda la makuti, hanamu, yaani ncha ya mbele, ikitazama baharini, na miezi yote ya kusi, upepo wa kusini, tunashinda nyumbani. Mwaka jana tulipolishua lilivuja sana, hasa ubavu wa kulia. Tulikumba ngama, yaani maji yaliyoingia chini ndani yake, siku mbili usiku na mchana. Siku ya tatu likatulia lenyewe. Sasa fundi mmoja anataka mwezi wa Agosti ang'oe kalafati yote, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, atie mpya. Mwingine anasema tulijaze maji papo hapo lilipo. Tumsikilize nani?

Jibu: Shikamooni, mwalimu na mama. Kwa hili msimsikilize yeyote kati yao. Jibu mmeshaliandika wenyewe: siku ya tatu likatulia. Kalafati iliyokufa haitulii. Kilicholivujisha dau lenu ni ukavu.

Tazameni huo ubavu wa kulia. Pwani ya Tanga inatazama mashariki, kwa hiyo dau likielekeza hanamu baharini, ubavu wa kulia ndio unaopigwa na kusi. Makuti ya juu yanazuia jua, lakini hayazuii upepo wa Juni na Julai, na upepo ndio unaonyonya maji ya mbao. Mbao zikikauka husinyaa, nafasi kati yake zikafunguka. Zikirudi baharini zinakunywa maji, zinavimba na kubanana tena.

Ndiyo maana kalafati ya Agosti inanitia hofu. Fundi atakuta nafasi pana, atazishindilia pamba mpaka zijae. Dau likishuliwa, mbao zitataka kuvimba na hazitapata pa kwenda. Zitaisukuma pamba nje, au zitang'oa misumari, au zitapasua mataruma, zile mbavu za ndani. Nimeshapokea vyombo vilivyoharibiwa hivyo na kazi iliyofanywa kwa bidii na nia njema, na kubadilisha taruma si kazi ndogo.

Kulijaza maji nchi kavu ni hatari zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani moja. Dau likielea, maji ya nje yanausukuma ubavu kuelekea ndani. Likiwa juu ya magogo na gadi, yaani miti ya kuliegemeza, hakuna kinachousaidia. Tani mbili za maji ndani yake zitafungua mbao ambazo ukavu haukuzigusa.

Anzeni na masika. Mwezi wa Aprili na Mei adui si upepo, ni maji ya mvua. Maji matamu yakituama kwenye mkuku, ule uti wa chini, yanaleta uozo, na mwembe hauvumilii kama mvule au mbambakofi. Inueni hanamu kidogo, ondoeni kizibo, na kila mvua ikikatika mtazame kama maji yametoka yote.

Juni ikiingia, simamisheni ukuta wa makuti upande wa kusini. Acheni uwazi wa kama shubiri mbili chini ili hewa ipite, kwa sababu mbao zisizopata hewa nazo huoza. Kisha kila jioni mwagieni mbao ndani na nje ndoo kadhaa za maji ya bahari. Nasisitiza ya bahari. Ya bomba ni sawa na ya mvua. Ni kazi ya robo saa, watu wawili wanaiweza bila kuumiza mgongo. Mkienda kuwaona wajukuu, mlipeni kijana wa jirani aifanye, maana wiki mbili za kusi bila maji zinarudisha kila kitu nyuma. Mwezi wa mwisho kabla ya kushua tandikeni magunia yaliyolowa ndani, kuanzia mkuku kupanda juu, na yasikauke.

Msione miezi hii ya nyumbani kuwa hasara. Wale wanaoitwa minyoo wa mbao, ambao kwa hakika ni jamaa wa chaza, hufa chombo kikikaa nje ya maji miezi kadhaa. Wiki moja haiwatoshi, wanaweza kujifungia kwenye matundu yao na kungoja. Nanyi mnapata nafasi ya kupaka deheni (chokaa iliyochanganywa na mafuta) upya chini na sifa (mafuta ya papa) juu, kazi inayotaka utulivu.

Siku ya kushua ngojeni bamvua, maji makuu ya bahari, lakini msilipeleke dau moja kwa moja kwenye kina. Lisimamisheni kwenye gadi katikati ya ufuko, kizibo kikiwa nje, maji yaingie na kutoka yenyewe kwa siku tatu. Ndipo mzibe, liwe linaelea, na mhesabu ndoo mnazokumba kila baada ya saa sita. Andikeni kwenye daftari. Hesabu ikishuka, mpo salama. Ikibaki ile ile hadi siku ya nne, maji yakipwa tafuteni panapotoa maji, patieni alama ya chaki, na hapo ndipo mumwite fundi wa kalafati, atie pale penye alama tu.