Rafiki akianza kuandika sanifu, nashtuka

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama meseji za mkato baina ya marafiki zinaharibu Kiswahili. Nitajibu, ingawa mimi kinachoninyima usingizi ni kinyume chake: rafiki anayeamka siku moja akaniandikia Kiswahili kilichonyooka.

Mkato wenyewe ulikuwa na sababu. Tuliokulia kwenye simu za vitufe tunajua, meseji moja herufi 160, ukizidisha unakatwa hela ya mbili. Na kuipata "s" ulibonyeza saba mara nne, wakati "x" ni tisa mara mbili tu. "Xaxa" ilikuwa nafuu kwa kidole. Wanaoandika hivyo leo kwenye simu za kupangusa wana sababu zao, siwasemei.

Sasa nina shoga yangu yuko Morogoro, tumelala bweni moja toka kidato cha kwanza. Meseji zake ni "we upo", "nna umbea", au alama ya kuuliza tupu nikichelewa kujibu. Nukta haijui. Siku hiyo niko kazini naona: "Habari za mchana dada. Pole na majukumu. Natumaini familia haijambo. Samahani kwa usumbufu, kuna jambo naomba tuzungumze ukipata nafasi."

Dada! Mimi na yeye rika moja. Nikajua simu imeibiwa. Nani Tanzania hii hajatumiwa ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nikapiga, haipokelewi. Nikaandika: "Matroni tulimwitaje?" Kimya, halafu: "Kijiko." Kumbe ni yeye. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana tapeli ningemripoti 15040 nikaendelea na kazi. Nikawaza msiba, nikawaza ugonjwa, nikawaza nimemuudhi lini.

Jioni akapiga. Kodi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na yeye kapungukiwa laki mbili. Nikatuma na ya kutolea. Jibu: "Nimepokea dada, ahsante sana, Mungu akuzidishie." Na hiyo "dada" ikakaa. Muda wote wa deni nikawa naamkiwa "Asubuhi njema dada", umbea hakuna. Nikamtumia mimi, tena wa moto, harusi ya mtu tunayemjua wote, ukumbi umebadilishwa kadi zimeshagawiwa. Akajibu: "Mungu awasaidie." Nilikasirika jamani! Nusura nimwambie baki na hizo hela, unirudishie shoga yangu. Siku aliyomalizia deni, hata ujumbe wa muamala sijaufunga, ikaingia: "zmeingia? haya xaxa nambie huo ukumbi ilkuaje".

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba Kiswahili sanifu baina ya marafiki ni kutengana. Sasa sina hakika. Angeniandikia "we nishikie laki 2" ningemjibu kwa emoji za kucheka, na pengine asingethubutu kurudia. Aliniomba kama anavyoombwa mtu mzima, ili nikitaka kukataa nikatae, utani wetu wa miaka yote usiwekwe rehani. Kunichoma kulinichoma, lakini ilikuwa heshima.

Basi jibu langu ni hili: mkato hauharibu kitu, BAKITA wanisamehe, ila kwenye hela na kwenye msiba andikeni maneno kamili. "Pole xana" kwa aliyefiwa mimi siipokei, hata itoke kwa nani. Na huo urasmi uwe na mwisho, mkishalipana mrudi kwenye umbea wenu. Kwenye hela, hata hivyo, msinishike sana maneno. Kesho nikikwama mimi, nitamwandikia shoga yangu "we upo" kama kawaida, maana kumwita dada sidhani kama nitaweza.