Barua Zenu kwa Mwalimu: Mchezo usiochezeka na mtu mmoja

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wanafunzi wa sanaa katika chuo kimoja hapa Mombasa. Chuoni kwetu wa bwenini hawajuani na wanaotoka majumbani, wa bara hukaa na wa bara, wa pwani na wa pwani, na mtu humaliza muhula mzima hajui jina la anayeketi nyuma yake. Tukasema tufanye sanaa ya kuwachanganya watu. Tulipaka ubao mkubwa rangi nyeusi, tukaandika juu, "Moyoni mwako mna nini leo?", tukaacha chaki hapo chini. Siku ya kwanza watu walipiga picha wakaenda zao. Siku ya pili tukakuta matusi, na jina la msichana mmoja katikati ya matusi hayo. Tumeufuta. Baadhi ya wenzetu wanataka tuache kabisa, wengine bado tuna hamu. Utushauri vipi?
S., Tudor

Marahaba mwanangu. Msiache. Lakini kabla ya kugusa chaki tena, nendeni kwa yule msichana, mmwombe radhi. Ubao ulikuwa wenu, kwa hiyo lililoandikwa juu yake lilikuwa kwenu. Asipotaka kuongea nanyi, mwelewe.

Sasa ubao. Mwaka 2011 msanii Candy Chang aliuchukua ukuta wa nyumba iliyohamwa mtaani kwake New Orleans, Marekani, akaupaka rangi ya ubao wa darasani na kuandika sentensi moja mara nyingi: "Kabla sijafa nataka…" Mbele ya kila sentensi aliacha nafasi wazi. Kufikia siku ya pili ukuta ulikuwa umejaa, na tangu hapo kuta kama huo zimetengenezwa katika nchi zaidi ya 70. Tazameni alivyofanya. Sentensi aliianza yeye, mpita njia akapewa kazi ndogo ya kuimalizia. Ninyi mlimtaka mtu asiyewajua aufungue moyo wake hadharani, na hapakuwa na mwenyeji wa kumwambia karibu. Mahali pasipo mwenyeji, mwenye matusi ndiye huingia kwanza.

Tena hata ukuta ule mtu huweza kuandika, akaondoka, asiseme na yeyote. Ninyi mnataka watu wajuane. Basi tafuteni mchezo ambao mtu hawezi kuucheza peke yake, na huo mnao tangu utotoni: vitendawili.

Nimefundisha sekondari miaka mingi, na kila kidato cha kwanza kilipoingia nilikuwa nikikata karatasi za manila vipande vidogo. Nusu niliandika vitendawili, nusu majibu. Kila mtoto alichukua kipande kimoja kapuni, kisha akamtafute mwenzake. Mwenye "Nyumba yangu haina mlango" akamsake mwenye "yai". Mwaka mmoja msichana aliyetoka upande wa Taveta aliokota "Popoo mbili zavuka mto". Alizunguka darasa zima akiuliza, popoo ni nini? Mvulana wa Kibokoni, ambaye kipande chake kilikuwa cha kitendawili kingine kabisa, akamwambia ni zile zinazotafunwa pamoja na tambuu; nyanya yake anazo kwenye kijaluba, ndogo, za mviringo, ngumu kama kokoto. Msichana akasimama akiwaza. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akapiga ukelele: "Macho!" Wakaondoka wote wawili kumtafuta mwenye macho, na mvulana hata hakukumbuka kwamba chake bado hakijapata jibu.

Kutojua kwa yule mtoto ndiko kulikowaunganisha. Kwa hiyo msijaze kapu vitendawili vya vitabuni ambavyo kila mtu anavijua, maana mchezo utakwisha upesi na kila mmoja arudi kwa kundi lake. Kila mwanafunzi alete cha kwao: cha Kigiriama, cha Kitaita, cha Kiluo, cha Kikamba, akitafsiri mwenyewe. Kitakapomshinda mtu kwa sababu hajawahi kuona mnazi ukigemwa au ng'ombe akinyweshwa maji kisimani, atalazimika kumuuliza anayejua. Na msiisahau sehemu ninayoipenda kuliko zote: "Nipe mji." Anayeshindwa atoe mji, na mji huo uwe kwao alikozaliwa. Nakupa Mariakani. Nakupa Siaya. Aliyepewa asiupokee hivi hivi. Aulize kwanza watu wa huko wanakula nini, sokoni kwao kunauzwa nini, mgeni akifika alale wapi. Hapo ndipo wa bara na wa pwani watakapoanza kusemezana.

Mkishazoea, tokeni nje ya geti. Nunueni kitambaa cha marikani, mchore kanga kubwa kubwa: pindo lake, mji wake wa katikati, vyote vimekamilika, ila pale pa jina, yaani msemo wake, pabaki peupe. Nendeni ufukweni Mama Ngina jioni, watu wanapokaa kuangalia meli zikiingia Kilindini, mkononi mhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu. Sharti liwe moja tu: jina la kanga litolewe na watu wawili wasiojuana, na wasiandike mpaka wakubaliane. Mmoja atataka la mapenzi, mwenzake atataka la kumsuta jirani. Waacheni wabishane, kwa kuwa katika kubishana huko ndimo wataulizana kwao wapi, wameolewa, wana watoto. Akitokea bibi mwenye majina ya kanga kichwani kuliko ninyi nyote, mpeni brashi na kiti, aendeshe yeye.

Mengine ni ya kawaida. Kibali mkaombe kwa serikali ya kaunti mapema, kwa jina la chuo. Mtandike kati ya alasiri na magharibi, jua limepoa na hakuna anayekosa swala. Pembe za kitambaa mzifunge vizuri, upepo wa pale hauna mchezo. Picha ombeni ruhusa kwanza, hasa kwa akina mama. Wengi hawataki sura zao zizunguke kwenye simu za watu. Na wakati wote, pasikose wawili wenu waliosimama, wanaosalimia, wanaoeleza mchezo, wanaomwona kijana mwenye haya amejitenga na kumwambia, "Njoo, huyu hana mwenzake." Kazi hiyo msimwachie mgeni wala msiione ndogo. Mimi naihesabu kuwa nusu ya sanaa yenyewe.

Mwalimu, salaam. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni. Karo nalipa nikijua anasoma, kumbe kila Jumamosi yuko nje na wenziwe wakichezesha watu kwa chaki na vikaratasi. Nikimuuliza ananiambia ni sanaa. Ni sanaa kweli hiyo?
Mzazi, Changamwe

Ni sanaa, ndugu yangu, na ina historia. Mwaka 1959 huko New York, Allan Kaprow alifanya onyesho ambalo walioingia walipewa kadi za maelekezo: wakae wapi, wahamie chumba kipi kengele ikilia. Watazamaji wakawa sehemu ya kazi. Yoko Ono tangu 1996 huwaalika watu waandike matakwa yao kwenye vikaratasi na kuyafunga kwenye mti. Mti bila watu si kazi iliyokamilika. Na hapa kwetu mama zetu walipotoka na vugo kwenye arusi, wakigonga pembe na kuimba njiani, nani alikuwa msanii na nani mtazamaji? Vijana wa ngoma ya beni nao, walioandamana kwa tarumbeta wakishindana kundi kwa kundi, Kingi na Scotchi, waliufanya mtaa mzima uchague upande.

Anachojifunza binti yako ni kumkaribia mtu asiyemjua, kumpa jambo la kufanya, na kumwacha akiwa amefurahi. Ni kazi ngumu, nami nampongeza. Wewe muulize mambo mawili ya mzazi: chuo kina habari, na anarudi nyumbani saa ngapi? Akikujibu vizuri, Jumamosi ijayo nenda ukacheze. Chukua kitendawili cha kwenu.