Kabla hujapasuliwa, jua kwanza shingo yako ina nini

Fundi wangu wa nguo pale Kariakoo ndiye aliyeanza haya yote. Nilimpelekea kitenge cha sendofu ya binti yangu. Akapima mabega, akapima kifua, alipofika shingoni akasimamisha utepe, akasema kwa upole kabisa, "Mama, hapa nikupandishie kola kidogo?" Nia yake ilikuwa njema. Nikamwambia pandisha. Tangu siku ile kila nguo niliyoshona ilikuwa na kola, na juu ya kola mtandio, hata Januari ya Dar ambayo joto lake mnalijua.

Nilikuwa na miaka 58. Sasa nina 61 na shingo nimeshapasuliwa. Wanawake wa umri wangu wananivuta pembeni baada ya ibada na kuninong'oneza, "Dada, ulifanya nini? Na mimi nataka hivyo hivyo." Hapo kwenye "hivyo hivyo" ndipo ninapoogopa, na ndiyo sababu nimekaa kuandika. Kuvuta shingo, yaani upasuaji wa urembo wa kuinyoosha shingo iliyolegea, ni jina moja lililobeba pasuaji nne au tano zisizofanana. Uliomfaa jirani yako unaweza kukuharibu wewe.

Mahali pa kwanza nilipokwenda palikuwa kituo cha urembo ambacho sitakitaja. Binti mmoja aliniangalia kutoka upande wa pili wa meza, akaniambia ninahitaji sindano sita za kuyeyusha mafuta, na kwamba nikilipia zote siku hiyo nitapunguziwa. Hakuna aliyenigusa shingo. Niliondoka. Mimi nimekulia Makete, Ukinga, na kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini joto, rovu kwetu lilikuwa jambo la kila kaya. Bibi mzaa mama alizikwa nalo. Mtu akiiona shingo iliyojaa na asiishike, mimi moyo unakataa.

Daktari bingwa niliyemwona baadaye Nairobi alianza hapo hapo. Alisimama nyuma yangu, vidole vyake viwili kooni mwangu, akanipa glasi ya maji nimeze. Tezi ya thairoidi, ile inayovimba ikawa rovu, hupanda na kushuka unapomeza. Mafuta hayafanyi hivyo. Juu ya hayo akaniandikia kipimo cha damu na picha ya ultrasaundi. Aliniuliza pia kuhusu weusi uliokuwa kisogoni, ule weusi mzito kama mahameli ambao wengi tunausugua kwa limao tukidhani ni uchafu. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba sukari mwilini haiendi sawa, na upasuaji hauuondoi. Kapime sukari. Hata ukighairi mambo mengine yote niliyoandika hapa, hilo lifanye.

Halafu akaanza kuitafuta shingo yenyewe. Alinibana chini ya kidevu nikiwa nimelegea, kisha akanibana tena nikiwa nimekaza meno. Akaniambia nivute mdomo wa chini kwa nguvu, na pale pale zikasimama kamba mbili toka kidevuni kushuka kooni. Akavuta ngozi nyuma ya masikio kuona kama ni nyingi. Ilichukua karibu dakika 40, na nilipotoka mle ndani nilijua shingo yangu ina nini.

Nieleze kama alivyonieleza. Chini ya ngozi ya shingo kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna msuli mpana, mwembamba kama chapati ya maji, unaoitwa platisma. Unatokea juu ya kifua, unavuka mitulinga, unapanda mpaka kwenye taya. Umri ukienda, kingo zake za mbele hulegea, na hizo ndizo kamba tunazoziona kwenye kioo. Nyuma ya msuli huo kuna mafuta mengine, tezi za mate na misuli midogo ya chini ya kidevu. Kwa hiyo shingo inaweza kuharibika umbo kwa sababu ya mafuta, msuli, ngozi, au vitu vya ndani zaidi, na kwa wengi wetu ni viwili au vitatu kwa pamoja.

Tatizo likiwa ni mafuta peke yake, na ngozi bado inarudi ukiivuta, hunyonywa kwa mrija kupitia vitundu vidogo chini ya kidevu na nyuma ya masikio. Hiyo ndiyo kazi ndogo kuliko zote, na ndiyo inayouzwa zaidi kwa sababu inatangazika kirahisi. Kwa mwanamke wa miaka 60 mwenye ngozi iliyolegea ni hatari: unatoa mto na kubakiza foronya. Ngozi inaning'inia zaidi, na zile kamba ambazo mafuta yalikuwa yanazificha zinajitokeza. Niliyakumbuka yale malipo ya sindano sita nikamshukuru Mungu.

Msuli ukiwa umelegea hukatwa mstari wa sentimita tatu hivi chini ya kidevu, kingo mbili za platisma zikavutwa zikashonwa pamoja katikati. Mshono huo mrefu, unaoshuka na kupanda, ulielezwa na Joel Feldman, daktari wa Marekani, mwaka 1990, na hadi leo madaktari wengi wanaufuata au kuurekebisha. Ngozi ikizidi, mkato huzunguka ndewe, ukapita nyuma ya sikio na kuingia kwenye nywele, ngozi ikavutwa nyuma na juu, ile ya ziada ikakatwa. Mimi nilifanyiwa haya mawili pamoja na kunyonywa mafuta kidogo sana, kwa nusukaputi. Wako wanaohitaji kuingiliwa chini ya platisma, kupunguziwa mafuta ya huko au tezi za mate zilizoshuka. Huko kuna mishipa ya damu na ya fahamu, na ni kazi ya mtu anayeifanya mara kwa mara. Wako pia wazee, hasa wanaume, ambao ngozi ya mbele hukatwa moja kwa moja katikati ya shingo. Kazi ni fupi, lakini kovu linabaki mbele ya watu. Na kuna wale ambao kumbe kidevu ni kidogo, kikiongezwa kipandikizi shingo inaonekana imejirekebisha.

Sindano za Botox hulegeza kamba za msuli kwa miezi mitatu minne. Haziondoi ngozi. Basi.

Sasa kovu, na hapa naomba dada zangu wenye ngozi kama yangu msome polepole. Ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya kufanya keloidi, yale makovu yanayotuna na kutambaa nje ya kidonda, na sehemu za masikio ni miongoni mwa sehemu yanakopenda kuota. Wifi yangu alitoboa masikio tu, akaota uvimbe wa ukubwa wa kunazi. Mkato wa kuvuta shingo unapita hapo hapo. Daktari wangu alitaka kuona kila kovu nililonalo: la chanjo begani, la upasuaji wa uzazi, la kuungua jikoni, hata matundu ya hereni. Yangu yote yalikuwa bapa, na bado aliniambia hiyo si dhamana. Daktari asipokuuliza kuhusu makovu yako na ya ndugu zako wa damu, muulize wewe. Akisema keloidi si tatizo, tafuta mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito kwangu kulisema, lakini nitalisema kwa sababu ninyi ni wengi mnaolificha. Nilitumia mkorogo kwa miaka, usoni na shingoni. Mchanganyiko ule mara nyingi huwa na dawa za steroidi ndani yake, na zikipakwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, haishiki uzi vizuri, na kidonda kinachelewa kufunga. Nilikuwa nimeacha miaka miwili kabla ya kumwona daktari na bado aliona athari zake. Mwambie ukweli. Pale hakuna wa kukucheka, na akishakata ndipo akagundua, wote wawili mmechelewa.

Mengine ya kumwambia: sigara na ugoro, kwa sababu nikotini hubana mishipa ya damu na ngozi iliyovutwa inaweza kufa, kwa hiyo vinaachwa wiki nne kabla angalau. Dawa za maumivu kama diklofenaki ya magoti, vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki, vyote vitaje, maana vinaweza kuongeza kuvuja damu. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako. Ataiamua yeye na daktari wako wa moyo.

Kosa langu mimi lilikuwa kwenye presha. Niliambiwa nisile wala kunywa chochote tangu usiku, nikaelewa hata kidonge changu cha presha cha asubuhi nisinywe. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuuliza. Kilitakiwa kinywewe kwa funda moja la maji. Zilipopita saa nane tangu upasuaji, upande wa kulia wa shingo ulianza kukaza na kuuma tofauti na wa kushoto, kama mtu ananivuta kwa kamba. Muuguzi wa zamu alisema ni bandeji. Nikamwomba amwite daktari, nikamwomba mara ya pili, mara ya tatu nikapiga kengele na sikuiachia. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi. Nilirudishwa chumba cha upasuaji usiku ule ule, ikatolewa, mshipa uliokuwa unavuja ukafungwa.

Kuvilia kwa damu ndilo tatizo linaloogopwa zaidi katika upasuaji huu, hutokea zaidi ndani ya saa 24 za kwanza, na presha iliyopanda hulichochea. Lisiposhughulikiwa linaweza kuua ngozi, na likiwa kubwa linabana njia ya hewa. Kwa hiyo ukiambiwa utarudi nyumbani jioni ile ile, uliza ni nani atakayekuwa na wewe usiku, na daktari yuko umbali gani. Uvimbe wa upande mmoja, maumivu yanayozidi upande mmoja, kupumua kwa shida: hapo usingoje asubuhi.

Mirija ya kutolea damu na majimaji ilitolewa siku ya pili, nyuzi zilianza kutolewa siku ya saba. Nililala chali na mito mitatu. Michubuko iliisha wiki ya tatu, uvimbe ulichukua miezi. Mdomo wangu wa chini ulivutika upande nikicheka, kwa wiki sita hivi, kisha ukarudi wenyewe. Mshipa wa fahamu unaoupa nguvu unapita kwenye ukingo wa taya na huchoka ukisumbuliwa. Sikio la kulia lilikufa ganzi nusu mwaka. Hilo linaonekana dogo mpaka uende saluni. Ngozi isiyosikia haijui kama drayea imeunguza. Mwambie msusi, na usikubali rasta za kuvuta karibu na mkato mpaka daktari akuruhusu.

Nilikaa Nairobi kwa shemeji yangu wiki tatu badala ya kukimbilia ndege ya kurudi, na ningewashauri hivyo hata wanaokwenda India au Uturuki. Kabla ya yote nilihakikisha jina la daktari kwenye orodha ya Baraza la Madaktari la Kenya, ambayo iko wazi mtandaoni. Kwetu Tanzania madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Bima haitakulipia, kwa hiyo kwenye hesabu yako weka pesa ya vipimo, ya kulala, na ya kurudi kuonwa.

Kilichobadilika ni kamba na ngozi iliyoning'inia. Pingili zangu bado zipo. Daktari aliniambia mapema kwamba mistari ya kulala shingoni haiondoki kwa kisu hiki, nikamwambia aniachie, maana mama yangu alikuwa nazo na baba alizisifu hadi alipofariki.

Mwezi wa tatu nyuma ya sikio la kushoto kovu lilianza kuwa gumu na kuwasha. Kuwasha ndiyo dalili ya mwanzo, sikungoja. Nilidungwa triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kulaza kovu, ndani ya kovu lenyewe, mara tatu kwa nafasi ya wiki kadhaa, nikawa nabandika karatasi ya silikoni usiku na kulifunika jua lisiliguse. Sasa pamebaki ugumu wa ukubwa wa punje ya mchele. Mwezi ujao narudi tena kuonwa.